Matembezi Mawili Katika Miombo

Watu wengi hudhani ya kuwa pori ni mahali pa kupita tu, wala hapana kitu cha kutazama humo isipokuwa wanyama wakubwa. Mtu atokaye Kasulu kwenda Kibondo huona miti, na miti, na miti tena, akasema moyoni, "Hapa hapana kitu." Lakini mtu aliyejifunza kutazama hutoka njiani hatua kumi tu akasimama, naye huona mambo mengi kuliko awezayo kuyaandika kwa siku moja. Katika somo hili tutatembea mara mbili katika njia ile ile: mara ya kwanza kabla ya mvua, na mara ya pili baada ya mvua za kwanza. Tukisha rudi tutafahamu ya kuwa mwaka wa miombo hauanzi siku ile tuanzapo kulima. Huanza mapema zaidi, wakati sisi tungali tukilalamika kwa ajili ya vumbi.

Nchi ya Buha, yenye miji ya Kasulu na Kibondo, ni nchi ya juu. Sehemu yake kubwa imezidi mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Vilimani kuna mashamba, migomba na malisho; lakini ukishuka kuelekea bonde la mto Malagarasi waingia katika miombo. Miombo ni miti ya jamaa moja, kama myombo na mtundu, na misitu yake imetanda toka Angola hata Msumbiji, ikipita Kongo, Zambia, Malawi na Tanzania. Mvua zetu huanza yapata mwezi wa Oktoba au Novemba, zikaendelea hata Aprili au Mei. Miezi mingine ni kiangazi. Katika Ulaya miti hukaa wakati wa baridi bila majani, ikingoja joto lirudi ndipo ichipuke. Sisi hatukosi joto. Tunachongoja ni maji.

Kabla hatujaondoka, yafaa tujue namna ya kutembea. Twende asubuhi na mapema, kwa maana jua likiwa kali ndege hunyamaza. Tusiende peke yetu, bali pamoja na mtu mzima aijuaye njia. Tuchukue daftari na kalamu. Tukanyage mahali tunapopaona, kwa sababu ya nyoka. Tusitie mkono katika shimo wala katika mti wenye uwazi. Tusile tunda wala uyoga tusioujua. Tena tusiseme sana. Mwenye kupiga kelele huona migongo ya ndege wakimkimbia, lakini mwenye kunyamaza huona nyuso zao. Na kila tukionapo kitu, tujiulize maswali matatu: Kinafanya nini? Kinakula nini? Mbona kipo hapa wakati huu?

Matembezi ya kwanza ni mwisho wa Septemba. Majani ya chini yamekauka, na mbali twaona moshi. Kabla hatujaona kitu, twasikia mlio mkavu, "ta!" kama mtu aliyevunja kijiti. Tukitazama juu hatuoni mtu wala mnyama. Mlio huo ni wa ganda la mti. Mtundu na jamaa zake huzaa mbegu ndani ya maganda mapana, magumu kama ubao. Jua likiyakausha sana, pande mbili za ganda hujipinda, kila upande njia yake, hata linapasuka kwa nguvu na kuzirusha mbegu mbali na mti mama. Okota ganda moja, ukajaribu kuzinyosha pande zake zilizosokotwa. Hapo utajua nguvu iliyokuwa imefungwa ndani yake.

Sasa tazama majani ya miti. Huenda ukastaajabu, kwa maana mvua haijanyesha hata tone moja, na miti imekwisha vaa majani mapya. Wala si ya kijani. Mengine ni mekundu kama damu, mengine yana rangi ya shaba, mengine ya waridi. Ukisimama juu ya kilima asubuhi utadhani bonde zima linawaka moto usio na moshi. Baada ya majuma machache wekundu huo hutoweka, na majani huwa ya kijani kama mengine.

Miti hiyo imepata wapi maji? Katika kiangazi iliangusha majani yake ya zamani, kwa kuwa jani hupoteza maji mengi katika jua kali. Mizizi yake huenda chini sana, mahali ambapo udongo haukauki upesi, na shina lenyewe huweka akiba. Kwa akiba hiyo mti hutengeneza majani machanga mapema, ili mvua itakapokuja yawe tayari kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Kuhusu wekundu, wataalamu husema ya kuwa rangi hiyo hulilinda jani changa, ambalo ni laini kama ngozi ya mtoto, lisidhuriwe na ukali wa jua. Tena yawezekana ya kuwa huwafanya wadudu walao majani wasilipende.

Mti mwingine wa kutazamwa wakati huu ni mninga, ambao wote twaujua kwa mbao zake nzuri. Siku hizi umejaa maua ya manjano yenye harufu nzuri. Maua yakiisha hutokea matunda ya ajabu: duara bapa kama sahani ndogo, na katikati kuna uvimbe wenye miiba laini. Ukingo wa duara hiyo ni bawa, na upepo hulichukua tunda zima. Tena gome la mninga likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, ukaganda juu ya jeraha.

Lakini ua kubwa silo lenye kazi kubwa sikuzote. Maua ya myombo na mtundu ni madogo, hayana fahari, na wapita njia wengi hawajui ya kuwa yapo. Simama chini ya mti huo ukasikilize. Juu utasikia mvumo kama wa maji yaendayo mbali, ndio nyuki. Katika maua hayo madogo nyuki hupata chakula kingi, na asali isifiwayo ya Kibondo na Kasulu yatokana nayo. Basi mtu auzaye asali sokoni anauza maua ya miombo, ingawa pengine hajapata kuyatazama kwa karibu.

Tukiendelea kidogo twaweza kupita mahali pasipo ndege hata mmoja, tukadhani wamehama. Tusikate tamaa. Katika miombo ndege wengi hutembea kwa makundi yaliyochanganyika, jamaa kumi au zaidi pamoja. Pori hukaa kimya nusu saa, kisha ghafula miti imejaa. Kigogota anapigapiga gome akitafuta mabuu. Chozi, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ananyonya maua. Ndege wadogo wa kijivu wanachungulia chini ya majani, kila mmoja akiwa amening'inia kichwa chini. Na juu ya tawi tupu ameketi mramba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika kama mkia wa samaki. Baada ya dakika kumi wote wamepita, na kimya kimerudi.

Mbona wanatembea pamoja? Sababu ni mbili. Ya kwanza, macho mengi humwona kipanga upesi kuliko macho mawili, na mmoja akipiga ukelele wote hujificha. Ya pili, mmoja akimstusha mdudu, mwingine humnasa hewani. Mramba hasa huishi kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukisikia ndege mmoja analia, usifanye haraka kumfuata. Kaa ulipo, huenda kundi zima likakujia.

Sasa yupo ndege mmoja asiyengoja tumtafute, kwa maana yeye hututafuta sisi. Ni ndege wa asali. Rangi yake ni ya udongo, wala hana uzuri wa kusifiwa. Huja karibu na mtu, akalia bila kukoma kwa sauti kama ya njiti za kibiriti zinazotikiswa ndani ya kisanduku chao. Mtu akimfuata, huruka mpaka mti mwingine, akiutandaza mkia wake ili manyoya meupe ya pembeni yaonekane, akalia tena. Hivyo humwongoza mpaka kwenye nyuki. Mtu hufukiza moshi, hupasua mti kwa shoka, akatwaa asali. Ndege hungoja, kisha hula nta na watoto wa nyuki waliobaki. Wanyama walio wengi hawawezi kupata nguvu kwa kula nta, lakini yeye aweza. Anajua mahali pa asali, wala hana shoka. Mtu ana shoka, wala hajui mahali. Kila mmoja ana nusu ya kazi.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1588, padre mmoja Mreno, João dos Santos, aliyekuwa Sofala katika nchi ya Msumbiji, alishangaa kuona ndege mdogo akiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa. Akaandika tena ya kuwa ndege huyo huwaongoza watu kwenye asali. Na mwaka 2016 wataalamu walitoa habari za majaribio yao kati ya Wayao wa kaskazini ya Msumbiji, ambao humwita ndege kwa mlio maalumu waliofundishwa na baba zao. Walipotumia mlio huo, ndege aliwaongoza yapata mara mbili katika kila mara tatu. Kwa sauti nyingine, mara moja tu katika tatu. Basi ndege wa pori huusikia mwito wa watu na kuuelewa, ingawa hakuna aliyemfuga.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Ndege huyu hajengi kiota. Hutaga yai katika kiota cha ndege wengine, na kinda lake huzaliwa kipofu, lina ndoano kali mwishoni mwa mdomo, nalo huwaua makinda wa mwenye nyumba ili lile peke yake. Mwenye kuchunguza viumbe sharti aandike yote aonayo, yampendezayo na yasiyompendeza. Nawe mwanafunzi, ukimwona ndege huyo usimfuate peke yako. Mwisho wa safari yake ni nyuki wakali.

Majuma sita au saba yamepita. Mvua imenyesha mara mbili tatu, na sasa twarudi katika njia ile ile. Je, twaitambua? Vumbi limekwisha. Majani yaliyokuwa mekundu ni ya kijani. Harufu ya udongo imejaa kila mahali.

Kwanza twatazama chini. Juu ya mchanga mbichi twaona vidudu vyekundu sana, laini kama mahameli, vikitembea polepole bila kuogopa. Mvua ya kwanza huvitoa ardhini, na baada ya siku chache huvioni tena. Watoto wengi husema ni wadudu. Chukua kijiti, mzuie mmoja taratibu, ukahesabu miguu yake. Mdudu wa kweli ana miguu 6. Huyu ana 8, basi ni jamaa ya buibui na kupe. Kuhesabu kidogo kwatutoa katika kosa ambalo watu wazima wengi hukaa nalo maisha yao yote.

Karibu na kichuguu twakuta mabawa maelfu yameanguka kama maganda ya kitunguu. Jana jioni kumbikumbi waliruka. Kumbikumbi si kabila nyingine ya wadudu. Ni mchwa wenyewe, wana wa kiume na wa kike waliopewa mabawa kwa safari moja tu. Wakishuka huyapukutisha mabawa, dume na jike wakafuatana, wakachimba chumba kidogo. Hao wawili wakiishi watakuwa mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Lakini walio wengi hawafiki. Mbayuwayu huwala hewani, kuku huwala uani, chura na mjusi huwala mlangoni, na watu huwakaanga. Ndiyo maana kichuguu hutoa maelfu, ili wabaki wachache.

Ndani ya kichuguu kuna shamba. Mchwa hawawezi kuusaga mti wote tumboni mwao, kwa hiyo hutengeneza vitanda vya vipande vya miti na majani waliyotafuna, na juu yake huotesha kuvu, kisha hula mazao yake. Mvua zikija, kuvu hiyo hutoa uyoga juu ya kichuguu. Katika miombo ya Zambia kuna uyoga wa namna hii ambao mwavuli wake hufikia karibu mita 1 kwa upana. Mama zetu wajua uyoga upi ni chakula na upi ni sumu. Elimu hiyo haipatikani kwa kukisia.

Kando ya njia, mahali palipokuwa pakavu kabisa, limetokea ua jekundu la mviringo, kubwa kama mpira wa watoto. Tukilikaribia twaona ya kuwa si ua moja, bali ni maua madogo mengi yaliyokusanyika juu ya shina moja. Chini ya ardhi mmea huu una tunguu nene kama kitunguu, na humo uliweka akiba ya mwaka uliopita. Baadaye, mvua zikizidi, tutaona na ua lingine, jekundu na manjano, ambalo petali zake zimekunjuka kwenda juu kama miali ya moto, na ncha za majani yake hujisokota ili kushika miti mingine. Litazame, ulichore, usilitie kinywani. Mmea huo wote una sumu kali, na hasa mzizi wake.

Angani mbayuwayu wanazunguka. Wengi wao si wenyeji. Walizaliwa Ulaya, na baridi ilipowaondolea wadudu, wakaja kwetu. Zamani watu wa Ulaya walibishana juu ya jambo hili, na wengine walisema ya kuwa mbayuwayu hulala ndani ya matope ya maziwa. Mwezi wa Mei 1911, John Masefield wa Staffordshire katika Uingereza alimtia mbayuwayu pete nyepesi mguuni. Mwezi wa Desemba 1912 ndege yule yule alipatikana Natal, katika Afrika ya Kusini. Pete moja ndogo ilileta jibu ambalo maneno mengi hayakuleta. Na hao waletwao na mvua hukuta karamu imeandaliwa: kumbikumbi wanaruka, viwavi wamejaa katika majani machanga. Kama miti ingengoja mvua ndipo ichipuke, karamu hiyo ingechelewa.

Sasa tukumbuke ule moshi tuliouona mwisho wa Septemba. Watu hutia moto porini kwa sababu nyingi: kusafisha shamba, kupata majani mapya ya ng'ombe, kuwinda, kurina asali, au kwa uzembe tu. Moto ni kitu cha kale katika miombo, wala si kila moto ni adui. Ukiwashwa mapema, kiangazi kikianza, majani yangali na unyevu, nao huwaka kwa upole na kuzimika upesi. Lakini moto wa Septemba na Oktoba hupata majani makavu kama karatasi, nao huja wakati ule ule ambapo mti umetoa akiba yake yote na kuvaa majani machanga. Ni kama kumnyang'anya mkulima mbegu siku ya kupanda. Mti ulioungua hivyo sharti uanze upya, na akiba imekwisha. Mche mdogo hufa. Nyuki hukimbia mzinga au huungua ndani yake.

Neno hili si la kukisia. Katika miaka ya 1930, wenye kutunza misitu walitenga vipande vya miombo karibu na Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Kipande kimoja walikichoma kila mwaka mapema, kingine walikichoma kila mwaka mwisho wa kiangazi, na kingine wakakilinda kisichomwe kabisa. Baada ya miaka mingi kila mtu aliweza kuona kwa macho yake. Kilicholindwa kilikuwa kimesongamana miti. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti yake. Kilichochomwa mwisho wa kiangazi kilikuwa kimepoteza miti mikubwa, na mahali pake palimea nyasi. Ardhi ilikuwa ile ile na mvua ile ile. Tofauti ilikuwa ni mwezi wa kuwasha moto.

Basi mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo anayeijua tarehe ya majani mekundu ana elimu yenye faida kubwa. Anajua siku ambazo pori haliwezi kustahimili moto. Anaweza kumwambia baba yake au mjomba wake kwa adabu, "Miti imekwisha chipuka, tafadhali tungoje, au tukate njia ya moto kwanza." Wazee hawadharau neno la mtoto aliyeona kwa macho yake na kuandika.

Mwaka huu chagua mti mmoja karibu na nyumbani. Funga uzi katika kitawi kimoja mwezi wa Agosti, ukakitazame kila juma. Andika siku jani la kwanza lilipotokea, rangi yake, siku lilipokuwa la kijani, siku ulipoona nyuki, na siku ya mvua ya kwanza. Mwaka ujao fanya tena, ukalinganishe.

MASWALI

1. Eleza jinsi ganda la mtundu linavyorusha mbegu zake.
2. Miti ya miombo hupata wapi maji ya kutoa majani mapya kabla ya mvua?
3. Taja sababu mbili zinazofanya ndege wa jamaa mbalimbali watembee pamoja.
4. Ndege wa asali na mtu wanasaidianaje? Je, ni haki kumwita ndege mwema? Toa sababu zako.
5. Utajuaje ya kuwa kidudu chekundu cha mvua si mdudu wa kweli?
6. Kwa nini moto wa Septemba ni mbaya kuliko moto wa mwanzo wa kiangazi?